Wifi Inasumbua, Wifi Anasumbua

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijapasuka. Mimi ni mshonaji wa mapazia, nashonea nyumbani, na wenzangu watano tuna ukurasa mtandaoni tunakohifadhi linki, yaani ukiona mtindo mpya au duka la vitambaa unaiweka pale, unaipa lebo isipotee, na rafiki zako wanaiona, na wifi yangu, dada wa mume wangu, nilimwingiza mwenyewe kwa moyo mweupe, maana ndiye aliyenikutanisha na kaka yake na tangu hapo sisi ni chanda na pete, akaja kwetu kwa wiki tatu akitafuta kazi, kazi akapata, na huu ni mwezi wa kumi na nne yumo katika chumba changu cha kushonea, mimi nashonea sebuleni mgongo ukiniuma, na sijamwambia neno, hata moja! Sasa intaneti ikawa inakatikakatika, nikatafuta maarifa, nikaweka linki kumi na moja chini ya lebo WIFI, kumbe wifi yangu kaifungua lebo hiyo akiwa kazini, kakuta "Wifi inakusumbua? Izime", "Wifi imezeeka, ibadilishe", "Jinsi ya kuidhibiti wifi", akalia mbele ya watu, akaja akafunga begi akaenda kulala kwa mfanyakazi mwenzake, na mume wangu bila hata kuniuliza ananiambia, "Umemtukana dada yangu hadharani, kamwombe radhi kabla ya Jumamosi." Radhi ya nini? Mtu mzima hajui ngeli? Wifi ya intaneti inasumbua, wifi mtu anasumbua! Nimemwandikia hivyohivyo, hajibu. Mimi ndiye niliyeonewa. Picha ya ukurasa hii hapa, ujionee, halafu uniandikie haki yangu nimwonyeshe mume wangu.

Mama Mapazia

Mama Mapazia, pole kwa mgongo. Pole zangu zimeishia hapo.

Picha nimeiangalia, tena nimevaa miwani. Linki kumi zina "i", kweli kabisa, na kwa hizo kumi wifi yako alikurupuka. Ya kumi na moja je? Nasoma: "Wifi haondoki: namna ya kumwambia ndugu wa mume kwamba inatosha." Haondoki, mama! Umejifunga mwenyewe kwa ushahidi wako, halafu unataka nikupe hati ya usafi? Miezi kumi na minne unamchekea mezani, na neno ambalo ungemwambia jikoni ukalihifadhi mahali ambapo watu sita wanalisoma. Mficha uchi hazai, nawe umemficha mwenyewe ukawaanikia wengine.

Na kuna lililoniudhi zaidi. Pembeni ya picha hiyohiyo zinaonekana linki za rafiki zako, na wifi yako naye ana lebo WIFI. Umesahau kwamba kwake yeye wifi ni wewe? Ana linki tatu tu. Mkanda wa mgongo kwa mtu anayekaa sana kwenye cherehani. Mashine ya kukunja marinda ya mapazia, iliyotumika lakini bado nzima. Na "Vyumba vya kupanga", ambapo ameandika mwenyewe: "kisiwe mbali na wifi." Tarehe ni ya mwezi uliopita. Zilikuwa wazi siku zote hizo na hukufungua hata moja, una kazi ya kuhesabu za kwako.

Sasa nisikilize. Usingoje Jumamosi, nenda leo akitoka kazini. Ngeli ziache nyumbani. Zile kumi msizijadili, mtakuja kuzicheka siku nyingine. Mwombe radhi kwa ya kumi na moja, uitaje kwa mdomo wako mwenyewe, kisha umwambie ukweli: "Chumba nakihitaji wifi yangu, lakini wewe nakuhitaji zaidi." Mumeo akae pembeni, haya ni ya mawifi. Halafu mwende wawili mkaangalie hicho chumba cha karibu. Akikipata, pima dirisha lake siku hiyohiyo, na pazia lake ulishone kabla ya la mteja yeyote.