Maneno Niliyompa Mzee wa Kwenye Sinki

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Leo nimekubali jambo ambalo mtu mwenye akili angeomba kwanza muda wa kufikiri. Mimi mdomo hukubali, akili inafika baadaye na taksi nyingine.

Nkatha kaja dukani kuchukua maikrowevu yake. Huyu mama ni Mmeru wa Kenya, anafundisha mambo ya filamu chuo kikuu, na mwaka huu anafundisha filamu za Waingereza za miaka ya themanini na tisini. Zile za mvua na viwanda kufungwa. Mwezi wa tano, akisubiri pasi yake, nilijisifu kidogo — kwamba kabla sijawa fundi wa friji hapa Kensington, kusini kabisa mwa Afrika, nilikuwa mtafsiri wa filamu Tanga. Banda la video, mabenchi, kaseti. Sauti ya televisheni inashushwa, mimi nakaa pembeni na kipaza sauti, nasema kila mtu anachosema, kwa Kiswahili. Mzungu, mke wa Mzungu, mbwa wa Mzungu. Nikamsimulia moja niliyoipenda: karakana ya meli imefungwa, baba hana kazi, mwana anaondoka. Kaseti haikuwa na lebo. Sisi tuliiita Mzee wa Kwenye Sinki.

Basi kaipata! Anasema imemchukua wiki sita. Ataionyesha tarehe 16, saa tisa alasiri, ukumbi wa jamii Bertrams, na mtafsiri ni mimi, kama zamani. Wanafunzi wake watakuja, na Waswahili wa mtaani.

"Lakini Mzee Naseeb, kile Kiingereza chao ulikuwa unakishika kweli? Mimi mwenyewe huweka maandishi chini."

Nikamwambia nilikuwa nashika miguno.

Akacheka. Hakujua namwambia ukweli mtupu.

Jumapili, 3 Agosti

Nimemwambia Ishaka, mwenzangu wa tangu Tanga. Nilimkuta karakanani kwake Bertrams anachomelea geti la mtu, Jumapili yote hii. Akazima mashine, akavua miwani.

"Ile ya radhi?"

Ndiyo, ile ya radhi.

Akaifuta miwani kwenye shati. Kisha: "Kaka, ile filamu ndiyo iliyonileta huku." Nimemsikia akisema hivyo kwenye harusi, kwenye misiba, hata kwa polisi mmoja pale kwenye robot, taa za barabarani, aliyemsimamisha kwa taa mbovu ya gari. Siku zote nacheka. Leo sikucheka vizuri.

Binti yake Zuhura, miaka kumi na saba, alikuwa mlangoni na simu. Kiswahili anakisikia, lakini anajibu kwa Kiingereza au Kizulu, anavyoamka. Anataka kujua kama ni ya kuchosha. Nikamwambia sana. Akasema sharp, yaani sawa, atakuja.

Jumanne, 5 Agosti

Nkatha kaleta filamu kwenye flashi. Nimefunga duka saa nne asubuhi, nikaketi na mke wangu Zubeda mbele ya ile televisheni ya mteja ambayo hajaja kuichukua tangu Pasaka.

Maandishi ya chini yapo. Kwa hiyo, baada ya miaka ishirini na tisa, nimeelewa nilichokuwa natafsiri. Eish.

Yule niliyemfanya mjomba mlevi kumbe ni mwenye nyumba. Hotuba yangu kali kuhusu waziri mkuu — watu walikuwa wanapiga makofi — kumbe jamaa anaelekeza njia ya kwenda kituo cha basi. Zubeda alicheka mpaka akashika ubavu. "Na wewe ulikuwa unalipwa?"

Na Waingereza hawa! Mtu akipata msiba anachemsha maji. Akifukuzwa kazi, maji. Mke akimkimbia, maji, na safari hii anasahau kuweka majani. Kamera inamtazama tu. Hakuna muziki, hakuna anayepigwa. Filamu ya kupigana ilikuwa rahisi, yowe halina lugha. Lakini hizi, dakika nzima mtu anatazama dirisha, na vijana wa Ngamiani kule Tanga wana maganda ya karanga mkononi tayari kumtupia mtafsiri aliyenyamaza. Ilibidi niseme kitu. Nilikuwa najaza kimya kama mtu anavyojaza ndoo, haraka haraka, isionekane chini.

Kisha tukafika pale. Mwana kasimama mlangoni na begi. Baba yuko kwenye sinki, katupa mgongo, anaosha kikombe kimoja. Pale mimi nilisema, kwa sauti nzito, na nayakumbuka neno kwa neno: "Nenda mwanangu. Usigeuke nyuma. Radhi yangu unayo, hata usiponiaga." Hakuna ganda lililorushwa. Kuna watu wazima walijifuta macho.

Leo nikangoja maandishi yatokee chini.

Hayakutokea. Nikarudisha nyuma. Nikarudisha tena. Mara nne. Bomba linamwaga maji, mwana anasubiri, anatoka. Mzee hakusema kitu. Hata neno moja. Mdomo wake hauonekani, na mimi nikampa maneno.

Zubeda akaacha kucheka. "Kumbe uliyaweka wewe," akasema.

Jumatano, 6 Agosti

Niandike yaliyo wazi, labda yatulie.

Mwaka wa tisini na sita Ishaka alikuwa na ugomvi na baba yake. Mzee alikuwa fundi wa reli, alitaka mwanawe amfuate reli. Ishaka hakutaka. Walikuwa hawasemezani wiki ya tatu, wako nyumba moja. Akaja bandani, akaona Mzee wa Kwenye Sinki, akasikia yale. Siku nne baadaye akaondoka. Hakuaga. Hakuomba radhi. Alisema alishaipata: baba yake ni mtu wa aina ile ile, hasemi, lakini moyoni ameshaitoa.

Miaka ishirini na tisa. Hajarudi hata mara moja. Anatuma vitu kwa dada yake Tanga, dada anashukuru. Baba hajawahi kushika simu. Ishaka akipiga, dada anasema mzee amelala, mzee yuko msikitini, mzee anaoga. Ishaka anasema ndivyo walivyo wazee wa aina ile.

Sasa mzee ana miaka themanini na nne na dada kapiga Jumatatu: mzee hali chakula, siku mbili hanywi hata uji, mwenye kuja na aje. Nikamuuliza Ishaka leo tukila, utakwenda? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama amekula.

"Niende nikafanye nini, kaka? Kumshtua? Radhi ninayo."

Kisha akaniambia mpango wake. Siku ya filamu ataweka simu mbele ya spika. Mimi nitasema yale maneno, yeye atayarekodi, atampelekea dada, dada amwekee mzee sikioni. "Asikie kwamba nilimwelewa."

Nikamwambia wazo zuri. Mimi! Nikasema wazo zuri, na nikaomba chumvi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimekwenda Marshalltown kununua thermostati ya friji ya mama wa spaza, kile kiduka cha mtaani. Nimerudi na ya jiko. Mtu wa miaka ishirini kwenye kazi hii. Nimefungua friji ileile mara mbili leo, haina kosa la pili.

Upepo wa Agosti. Vumbi mpaka mezani.

Jumapili, 10 Agosti

Nimejaribu.

Nilijipanga tangu kwenye gari. Ishaka, nina neno. Ishaka, unakumbuka kazi ile tulivyokuwa tunaifanya. Nikafika, nikasema, "Ishaka, nina neno." Akakaa. Akasema sema. Zuhura akaja na chai. Nikasema compressor za friji za siku hizi hazidumu.

Tulizungumza compressor dakika arobaini. Ishaka anajua mengi kuhusu compressor.

Alipotoka kwenda kuswali, Zuhura akanikalia mbele. Kwa Kiingereza chake cha shule akasema ameitafuta filamu yenyewe kwenye mtandao na ameiona. Yote. Akasema uncle, babu wa kwenye filamu hasemi chochote. Ameongeza sauti mpaka mwisho, ametumia vya masikioni.

Nikamwambia ni kweli.

Akauliza baba yake anajua?

Nikamwambia la.

Nilitegemea hasira. Badala yake akauliza kitu kingine: Babu wa Tanga je, naye hajasema? Amemwona kwenye picha moja tu, kavaa sare ya reli. Akasema yeye miaka yote akigombana na baba yake, baba anamwambia watu wa kwetu hawana haja ya kusema samahani, moyo unajua. Akasema hiyo inachosha kuliko filamu.

Kichwa changu kimejaa nyuki.

Alhamisi, 14 Agosti

Mazoezi ukumbini na Nkatha. Kaleta spika mbili na kipaza sauti ambacho nimekitengeneza kwanza, bila shaka. Tukaipitia yote. Nimetafsiri safari hii kwa uaminifu, mwenye nyumba amekuwa mwenye nyumba. Nkatha anasema mimi ni hodari. Nilipendezwa mno, aibu.

Tukafika kwenye sinki. Nikamuuliza, hapa nifanyeje?

"Hapo unyamaze tu. Si ndiyo filamu yenyewe?" Akaeleza, kama darasani, kwamba hawa hawakuwa na pesa, walipiga picha jikoni kwa watu wa kweli, na aliyeitengeneza aliiacha kamera pale makusudi. Watu wamebishana tangu hapo: mzee anampenda, mzee amemkata. Hakuna anayejua, hata mwana hajui. Ndiyo maana inauma.

Nikasema, je, nikiweka neno dogo? La kusaidia watu.

"Mzee Naseeb, ukiongea wewe, nani atamsikia akinyamaza?"

Akawa anakunja waya. Kisha, bila kunitazama, akasema babake mwenyewe kule Meru alikuwa hivyo hivyo. Siku Nkatha alipopata udaktari wake wa chuo, mzee aliuliza kama nyanya zimemwagiliwa. Alingoja aseme kingine. Akangoja mpaka mazishi. Sasa hajui kama angeuliza angejibiwa. "Ati nilikuwa na shughuli," akasema.

Nikamwambia nyanya za Meru ni nzuri. Sijui kwa nini mimi huwa hivi.

Ijumaa, 15 Agosti

Dada wa Ishaka kapiga tena. Mzee amekubali uji kijiko kimoja. Ishaka kafurahi, kasema unaona.

Zubeda: "Ukinyamaza kesho utakuwa umemwambia mbele ya watu. Ukisema utakuwa umemdanganya mara ya pili, na safari hii unajua. Chagua, halafu uje kula, chakula kinapoa."

Sijala vizuri.

Jumamosi, 16 Agosti. Ukumbini, saa kumi na dakika ishirini

Naandikia nyuma ya ratiba, jikoni mwa ukumbi. Nitabandika baadaye.

Watu wamejaa. Wanafunzi, Wakongo wa mtaa wa pili, Watanga wenzetu, mama mmoja na mtoto mgongoni. Nimetafsiri saa nzima na robo na sauti haijakauka. Wamecheka panapochekesha. Kwenye majani ya chai yaliyosahauliwa Mkongo mmoja alisema kwa sauti, "Mama, huyu baba amekwisha," na ukumbi wote ukakubali.

Kisha mwana akachukua begi. Ishaka, kiti cha mbele, akainuka, akaweka simu yake mbele ya spika, akarudi kukaa. Baba akafungua bomba. Na mimi nikafanya tulichokuwa tunafanya zamani kanda ikikwama: nikanyoosha mkono nikasimamisha. Nikawaambia watu mapumziko, dakika kumi, chai iko nyuma. Nkatha akanitolea macho.

Ishaka akanifuata huku jikoni. Anatabasamu. "Kaka, umewaweka roho juu. Nimekumbuka banda." Akajimiminia chai. "Sema kama siku ile. Polepole."

Nikamwambia, "Ishaka, yule mzee hasemi kitu."

"Leo hasemi?"

"Hajawahi kusema. Ni mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu na watu walikuwa na maganda ya karanga."

Alishusha kikombe. Nilikuwa tayari kwa ngumi, nilishavua miwani. Hakunipiga. Akauliza tu, taratibu, kama anauliza bei, "Hata lile la nisipoaga?"

"Hata lile."

Akamwaga chai yake kwenye sinki. Akasuuza kikombe. Akakisuuza tena. Bomba likabaki linatiririka, nikalifunga mimi. Akatoka.

Saa kumi na nusu sasa. Watu wamesharudi kwenye viti. Nawaona kupitia dirisha la kutolea chakula. Kwenye pazia yule Mwingereza bado kasimama na mgongo wake, maji yameganda hewani. Ishaka ameichukua simu pale mbele ya spika. Nilidhani anaondoka. Hajaondoka. Amekaa palepale kiti cha mbele, amepiga, ameweka sauti ya nje, na ukumbi wote unasikia simu ikiita Tanga. Zuhura amemshika mkono wa shati.

Dada amepokea. Ameanza, mzee amela—

Ishaka amemkatiza. Amesema, "Najua, dada. Mpe simu hivyo hivyo alivyo. Nina la kumwomba."

Kandambili, zinatembea kwenye sakafu ya kule. Mlango. Kitanda kinalia.

Nkatha ananionyesha saa yake, mkono uko kwenye kitufe. Nimemwinulia kidole: ngoja. Kipaza sauti ninacho mkononi na sina cha kutafsiri. Kuna mtu anapumua kwenye ile simu, pumzi ndefu, ya mtu mzima, karibu kabisa na simu. Safari hii simpi maneno; nangoja ayatafute mwenyewe.