Njia ya Kisimani

Jumatatu, 3 Aprili

Mgongo wangu! Kutwa nimeinama kwenye shamba la Bibi Moeun. Mashine ya kusaka mabomu inalia kila hatua — misumari, maganda ya risasi. Bila rada yake, inayoonyesha umbo la kilichofukiwa, tungechimba mpaka uzeeni. Ikilia, natazama rada: hakuna umbo, nasonga. Umbo la duara — nalala kifudifudi, nachokoa udongo polepole. Leo bomu moja tu. La plastiki, dogo kama kopo la maziwa.

Bibi aliniita toka nje ya vigingi vyekundu vya hatari. Mwaka mpya, wiki ijayo, atapanda mihogo? Nikamjibu: tukijaliwa, bibi. Naye: eti tunajaliwa tangu mwaka juzi!

Alhamisi, 6 Aprili

Mvua, kabla ya msimu! Udongo ukilowa rada ni kipofu, yote ukungu. Nikafunga mashine. Vuthy, kijana anayesafisha njia ya pili, ile ya kisimani, akaendelea. Nikamwita. Akacheka: nenda kale wali, dada, mimi nawahi sikukuu ya mwaka mpya kwa mke wangu.

Nimechoka hata kugombana.

Jumamosi, 8 Aprili

Nimemwomba mkuu wa kikosi njia ya Vuthy irudiwe, udongo ukikauka. Hataki. Vuthy ameapa aliacha mvua ilipoanza, na watawa wameshaalikwa kwa makabidhiano ya Jumatano. Halafu mkuu akaniuliza kama namwonea kijana wivu. Wivu! Wa nini, wa jasho?

Nimekula wali na samaki mkavu. Nalala.

Jumatano, 12 Aprili

Watawa bado wanasoma dua. Naandika daftari likiwa gotini. Wakimaliza tunakabidhi shamba kama desturi: kila mmoja anatembea njia aliyoisafisha, kijiji kione. Kisha bibi anapiga jembe la kwanza.

Vuthy kachuchumaa kando yangu sasa hivi. Tubadilishane njia, dada. Kwa nini? Eti njia yangu ina kivuli. Kivuli cha nini, shamba jeupe hivi? Anafunga kamba za buti, anafungua, anafunga tena. Ninaogopa.

Bibi Moeun amevua kandambili. Kaja kuketi kati yetu, kamshika Vuthy mkono. Atatembea na huyu, anasema, kwa sauti, kiziwi yule. Huyu ndiye mwanaume! Alhamisi mvua ilimpiga mpaka jioni na mashine yake mkononi, wenzake wamekimbilia turubai.

Mkuu yuko nyuma yetu. Amesikia. Najua amesikia — anakung'uta vumbi kwenye suruali ambayo haina vumbi.

Dua imekwisha. Hakuna anayesimama ila bibi.