Moyo Umevimba, na Kesho Ni Fainali

Temeke, Jumamosi, Julai 1954

Kipupwe kimekolea. Tangu nirudi kwa daktari nimekaa kibarazani kama mzee wa pensheni, natazama watu wakienda sokoni.

Naogopa.

Yote yalianza na homa. Nililala na mafua, mwili wote unauma, na sisi wachezaji homa hatuibembelezi: unajifukiza kwa mwarobaini, kisha unakimbia barabara ya Pugu mpaka jasho liitoe. Nikakimbia huku meno yanagongana, najiona dume. Tangu hapo nikipanda ngazi za ofisini Kurasini naona kiza, na moyo unadunda ovyo, mara unakwenda mbio, mara unasita.

Asubuhi daktari, yule Mhindi wa mjini, amenisikiliza kifua muda mrefu hata nikaanza kusali kimoyomoyo. Akasema homa imeingia moyoni, nyama ya moyo imevimba, na kuukimbiza sasa ni kujitafutia kifo. Nipumzike mpaka vuli ipite. Hapo atanisikiliza tena, na akiridhika nitaanza kwa kutembea tu. Mpira baadaye, pole pole.

Na kesho ni fainali. Usiku wa kuamkia mechi timu yetu hulala kambini nyumbani kwa Hamisi, kepteni wetu. Asiyelala kambini huambiwa ameuza mechi, na jina hilo halifutiki Temeke.

Hamisi alikuja mchana kunichukua. Nikamweleza yote. Akasema, "Basi kaa golini. Golikipa hakimbii."

Nikatamani. Mungu anajua nilitamani. Nikamwambia nitafikiri.

Mke wangu, Agnes, alikuwa ndani anachagua mchele, kumbe anatusikia. Akatoka na ungo wake, wala hakufoka.

"Shemeji, akianguka kesho, utamleta hapa mwenyewe au utamtuma mtu?"

Hamisi aliinamisha kichwa, akaaga, akaondoka. Nikajua jina langu limekwisha.

Jioni hii nimesikia kelele uani. Hamisi amerudi na mkeka kwapani, na timu nzima nyuma yake. Kambi imehamia kwangu, kasema, tuone nani atasema nimeuza mechi. Agnes ameongeza maji kwenye sufuria, na mimi nimejifanya nimeingiwa na moshi machoni.

Lakini kesho watatoka mlangoni mwangu wakikimbia mpaka uwanjani, kama desturi yetu. Je, nitaweza kubaki nimekaa?

Ee moyo wangu, nisaidie kukaa.