Nyimbo za Msiba, Namba Nne

Jumatatu, 3 Juni 1996
Makambako. Baridi ya kukunja vidole. Halfan kapita asubuhi na birika la chai, kaniuliza kanda namba nne imefikia wapi. Nikamwambia iko njiani. Uongo! Zinatakiwa nyimbo kumi, ninazo mbili, na studio imeshapangwa Jumamosi ya tarehe 22. Akasema kaseti za harusi zinadoda, za Krismasi zinauza mwezi mmoja, lakini za msiba zinakwenda mwaka mzima — Songea wanaulizia, Mbeya wanaulizia. Hakusema kwa ubaya. Ana duka la kaseti hapa stendi, anaona kinachotoka kwenye rafu.

Mimi mwenyewe ndiye niliyeacha chaki miaka miwili iliyopita, nikahamia chumba cha nyuma ya duka lake ili nitunge nyimbo. Nilitembea mji mzima najiita mtunzi. Leo nimekaa mbele ya kinanda tangu saa mbili hadi saa tisa. Nimepata mstari mmoja. Nikaufuta.

Jumanne, 4 Juni
Wamekuja ndugu wa marehemu Lucia, muuza viazi, miaka thelathini na moja. Nikatoa daftari kama kawaida. Jina kamili, mwaka wa kuzaliwa, watoto, kazi, neno alilopenda kusema. Hivyo ndivyo tunavyofanya: mimi natunga, kwaya inaimba kaburini jina lake likiwa ndani ya beti. Baadaye majina tunayaondoa, wimbo unaingia kwenye kanda.

Huyu ni wa ishirini na saba tangu Januari. Wengi vijana, ugonjwa ule ule ambao nao tunauondoa kwenye wimbo.

Dada yake alilia akinieleza. Mimi nilikuwa nawaza kalamu inakaribia kuisha wino. Nimeandika hili hapa kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia.

Alhamisi, 6 Juni
Tumemzika Lucia. Sikutunga kitu — nilichukua wimbo wa mzee mmoja wa Februari, nikabadilisha jina na idadi ya watoto. Hosea wa besi alinitupia jicho mara moja, akatazama chini. Wafiwa hawakujua. Walilia pale pale walipolia wale wa Februari.

Nilitegemea nitaona aibu. Niliona njaa.

Jumapili, 9 Juni
Mjimwema, nyumbani. Mke wangu Lidia kapika njegere na viazi. Huku anakoroga, anaimba wimbo wangu wa namba tatu, hata hajijui. Nikamwambia anyamaze. Kwa ukali. Sijui ulitoka wapi.

Tukala, macho kwenye sahani. Fidelia yuko bweni, kwa hiyo nyumba haina hata mtu wa kumwaga maji. Nikajitahidi: ulilala vipi, kifua cha mama yako kikoje, ulikula nini jana. Akaweka kijiko chini.

"Baba Fidelia, unaniuliza kama unayeandika kwenye lile daftari lako."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema nipumzike, hata mwezi mmoja tu. Nikamwambia shuleni nafasi yangu ilishachukuliwa, na Halfan hawezi kuuza mapumziko. Nimechoka uchovu ambao nikilala unalala na mimi, nikiamka tunaamka wote. Hilo sikumwambia. Nilisafiri kurudi Makambako kabla giza halijaingia.

Jumatano, 12 Juni
Mama mmoja wa Kifanya, Mama Ida (Ida ndilo jina lake la ubatizo), kaja mwenyewe. Binti yake wa pekee ni mgonjwa hospitali, wameambiwa wajiandae. Hakutaka aje kutafuta wimbo akiwa analia. Aliketi saa nzima. Niliandika kurasa mbili. Alivyotoka tu nikalala na viatu.

Jumamosi, 15 Juni
Siwezi kuandika vizuri. Niandike tu.

Binti alifariki Alhamisi. Paskalina. Tumezika leo Kifanya. Wimbo — ule ule wa Lucia, uliokuwa wa mzee wa Februari. Tulifanya mazoezi mara moja tu, nyuma ya lori la mbao, upepo unakata masikio. Jina jipya niliwatajia kwa mdomo. Karatasi sikubadilisha.

Ubeti wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa. Wa tatu, sauti zote nne: Lucia, umetuacha. Kwaya nzima! Na wa nne tena, Lucia.

Wao wanaimba wanachokisoma. Mimi ndiye niliyekuwa mbele yao naongoza kwa mkono, na sikusikia. Naapa sikusikia. Nilijua tu pale wachimbaji walipoacha kutupa udongo. Nikageuka. Mama Ida alikuwa ameinua uso ananitazama.

Hakuna aliyetufokea. Ingekuwa afadhali. Tulimaliza wimbo, maana hakuna aliyejua afanye nini. Watu walipoanza kutawanyika nikamfuata nimpe mkono. Akaupokea. Akasema taratibu, "Mwalimu, mwanangu alikuwa na jina."

Jumapili, 16 Juni
Sikwenda misa. Sikwenda kwa Lidia.

Jumanne, 18 Juni
Halfan kagonga. Habari imemfikia. Kaniletea wali na maharage kwenye hotipoti ya mkewe, kakaa kitandani kwa sababu kiti kimejaa karatasi. Alikuwa mpole kweli. Kasema kila kazi ina ajali yake, hata dereva mzoefu hugonga.

Kisha akasema, "Na uzuri wake, Mwalimu, kwenye kanda majina hayamo. Hakuna atakayejua."

Nadhani alitaka kunifariji. Aliponiacha nilifungua namba moja, namba mbili, namba tatu, nikasoma majalada yote. Nyimbo thelathini. Nikajaribu kukumbuka kila mmoja ulikuwa wa nani. Nilipata watu saba. Niliwazika wote mimi, nimesimama mbele, na nimebaki na saba. Ndipo nikalia, kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze.

Alhamisi, 20 Juni
Nimekwenda Kifanya kuomba radhi. Mama Ida alikuwa anapukuchua mahindi. Kamwene, nikamsalimu. Akaitikia, akanisogezea kigoda. Nilikuwa nimepanga maneno, yakapotea. Nikajikuta natoa daftari na kumuuliza: mama, hebu niambie habari za Paskalina.

Akaacha mahindi. "Hayo ulishaniuliza, baba."

Nikafungua. Kweli yamo, kurasa mbili, mwandiko wangu. Alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za nusu ya shule ile ya kijijini. Aliogopa ng'ombe. Niliandika yote hayo siku nane zilizopita, na leo nimeyasoma kama mgeni.

Nikamwomba radhi hapo hapo. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Kasema Jumamosi wanaanua matanga. Nije niimbe. Bila kwaya. Nikamwambia Jumamosi ni studio. Akarudi kwenye mahindi yake.

Ijumaa, 21 Juni
Kinanda. Kutwa. Hakuna.

Jumamosi, 22 Juni
Kifanya, saa nne asubuhi. Nimeketi juu ya rundo la mbao nyuma ya nyumba ya Mama Ida. Saa hizi kwaya iko mlangoni kwa Halfan inaniulizia, na mwenye studio anatazama saa. Sikumuaga Halfan. Nimeacha kinanda chake juu ya kitanda, nimekifunika shuka. Nikirudi sidhani kama nitakuta kazi. Siogopi sana — au nimechoka hata kuogopa.

Kila sauti niliyojaribu tangu jana ilikuwa ya mtu mwingine. Nikianza, inaishia kwa mzee wa Februari.

Wamemaliza rozari. Mama Ida katoka kunitazama. Kauliza kama niko tayari. Nikamwambia ukweli: mama, wimbo sina, nimekuja na jina tu. Akatazama daftari mkononi mwangu. Nikadhani ananifukuza.

Kasema, basi ingia uliseme.

Amesimama ameshika mlango. Ndani watu wamegeuka wananiangalia. Na mimi bado naandika.