Kompyuta Iliyonyamaza Nikiitazama

Kahama,
Jumamosi.

Mdogo wangu mpendwa Ansgar,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo chuoni Mwanza, ukila vizuri na kusoma kuliko unavyolala. Shikamoo yako naipokea hata kama hujaituma, maana simu zangu hupokei tena. Baba hajambo, ni mguu tu unamsumbua. Mimi mwili mzima, lakini moyo umechoka, Ansgar. Umechoka kabisa.

Hapa kazini kwangu, kwenye mtambo wa kuchenjulia dhahabu, umepotea mfuko wa kaboni wa mteja, yale makaa yaliyonasa dhahabu yake yote ya msimu. Unaijua desturi yetu: mteja anafunga kufuli lake, mtambo unafunga la kwake, na kamera inaangalia mlango. Makufuli yote mawili yamekatwa, na kamera haikurekodi chochote mchana wa wizi. Bosi akasema mlinzi wetu, mzee Donatus, ndiye aliyeizima, naye akachukuliwa na polisi. Mkewe, Mama Noela, anashinda getini kwetu akilia.

Nilijua mzee hakuizima, kwa sababu kompyuta yenyewe inayorekodi kamera ilikuwa inaumwa. Feni inanguruma kama mashine ya kusaga, picha zinaganda. Nikifungua ile orodha inayoonyesha kila programu inatumia nguvu kiasi gani, feni inanyamaza na kila kitu kinaonekana shwari. Nikiifunga, inaanza tena. Nilidhani nachanganyikiwa. Nikampigia Ritha wa Geita, niliyesoma naye, akaniambia hiyo ni programu inayojua inapotazamwa, akanitumia kifaa kingine cha kuichunguza, ambacho yenyewe haikijui. Hapo ndipo nilipoiona, imekula karibu nguvu yote, na programu ya kurekodi kamera imenyimwa hadi ikazimika yenyewe. Niliisimamisha, ikarudi kwa jina jingine. Nikafuatilia ilikoanzia, nikasoma amri inayoiwasha.

Ilikuwa inazalisha pesa za mtandaoni na kuzipeleka kwenye akaunti ya Mageni. Hilo ni jina alilokupa bibi, na nje ya nyumba yetu hakuna anayekuita hivyo. Nikakumbuka ulipokuja likizo ukasema unanisafishia kompyuta ya kazini, nami nikaenda jikoni pale mtamboni kukupakulia wali. Kwa kukupenda sikuuliza kitu. Najua hukuiba kaboni. Najua hukudhani utamuumiza mtu.

Jana nilimpelekea mzee Donatus chakula mahabusu. Ndiye aliyekufungulia chumba cha kompyuta siku ile, kinyume cha amri ya bosi, kwa sababu tu wewe ni mdogo wangu. Nilimuuliza kwa nini hajawaambia polisi kwamba kuna mtu aliyeingia. Akasema kijana ana mitihani, yeye ameshazeeka. Nililia mbele ya askari bila haya.

Barua hii nimempa kondakta akukabidhi mkononi. Utakapokuwa unaisoma, nitakuwa nimeshafika kituoni na ile kompyuta, na jina lako nitakuwa nimeshalitaja. Nimekulea tangu mama alipofariki, na leo ni mimi ninayekupeleka polisi. Nikikuficha, yule mzee atafungwa akiwa anakulinda.

Usikimbie, mdogo wangu. Panda basi uje. Nitakuwa stendi, na hata askari wakiwepo nitakushika mkono mbele yao.

Baba anakusalimia sana na kukuombea mitihani. Bado sijamwambia.

Mama Maria akusindikize njiani.

Dada yako anayekupenda, hata leo,
Violeth