Karani Alihesabu Kadi Nne

Bi Mwasiti wa gazetini, shikamoo mama yangu, na kama kwa umri wewe ndiye wa kunisalimia mimi basi unisamehe, sura yako siijui, najua maneno yako tu, maana gazeti likifika darasani kwetu, kwenye kisomo cha watu wazima, ni mimi ninayeambiwa nisome kwa sauti na ukurasa wako ndio tunaoanza nao. Leo naandika mimi, nina jambo limenikaa kifuani na nataka unisaidie, hapa kijijini siwezi kulisema kwa sababu kila mtu ambaye ningemwambia naye yumo ndani yake.

Sisi ni wa upande wa Laela, tulihamia kijiji hiki cha ujamaa mwaka jana wakati wa Operesheni, tukaacha ulezi mwingine shambani, tukaja kujenga mabanda ya nyasi kwenye baridi ya mwezi wa saba, na katika baridi ile surua ikapita nyumba kwa nyumba ikamchukua mtoto wangu wa mwisho, Agnesi, mwaka mmoja na miezi mitano. Tulimzika Jumanne. Shemeji yangu Oswaldi, kaka yake mume wangu, ambaye ndiye balozi wa nyumba zetu kumi, ndiye aliyembeba mikononi mpaka kaburini kwa kuwa baba Flavian, mume wangu, alishindwa kusimama.

Mwezi wa kumi na moja tukaambiwa serikali italeta unga wa njano kwa kuwa vihenge vya watu ni vitupu, na karani akaja kuandika watu. Siku hiyo wote walikuwa shamba la kijiji, mimi nilibaki nyumbani mguu ulikuwa umevimba. Karani alikuwa na haraka, akasema, "Mama, sina muda wa kungoja watoto warudi, niletee kadi zao za kliniki niandike kwenye kadi." Nikaingia ndani nikatoa kadi, zinakaa zote kwenye mfuko mmoja wa nailoni, nikampa na mfuko wake, akazitandaza magotini moja, mbili, tatu, nne, akaandika. Kisha akauliza, "Ni wanne, siyo?" Bi Mwasiti, mdomo ulifunguka niseme watatu, naapa ulifunguka, halafu nikaona ameshaandika Agnesi, jina lake na la baba yake, kwa mwandiko mzuri kabisa, na tangu tumzike hakuna mtu aliyelitamka jina lile mbele yangu, watu wanasema yule mtoto, au wananyamaza. Nikasema ndiyo.

Sisemi njaa haikuwepo, ilikuwepo, nisikudanganye na wewe. Jumamosi ya kwanza ya ugawaji Oswaldi ndiye aliyekuwa anapima, makopo manne kila kichwa, akasoma daftari akafika kwetu akasita, maana saini yake ya balozi aliitia jioni ile karani alipoondoka na hakusoma kilichoandikwa, akaniangalia, mimi nikaangalia chini, akapima ya watu sita. Unga wa Agnesi niliufunga peke yake kwenye kanga nikauweka darini, sikuweza kuupika, nao wa Jumamosi ya pili nikaufunga vilevile.

Ndipo akaja bibi Marsiana. Huyu si ndugu yetu, alikuwa jirani kule tulikotoka, siku ya kuhama alikataa, alisema hawezi kuwaacha waliolala pale, mumewe na wanawe wawili, basi akabaki peke yake kwenye mahame. Mwezi wa kumi na mbili mvua ikaangusha nyumba yake, akatembea mchana kutwa na jembe begani, akafika mlangoni kwangu ameloa, akasema, "Mwanangu, nimeshindwa." Tangu siku hiyo analala jikoni kwangu, na wageni wakija anaingia nyuma ya kuni, kwa kuwa anaamini waliokataa kuhama watafungwa. Hayumo kwenye daftari lolote. Nikafungua ile kanga nikampikia. Mpaka leo unga wa Agnesi anakula bibi Marsiana, na yeye hajui, anasema nyumba yangu ina baraka.

Sasa mkutanoni mwenyekiti ametangaza kwamba tarehe ishirini na nane mwezi ujao karani wa wilaya atakuja kuhakiki, atachukua daftari la unga, na daftari la zahanati, na kitabu cha marehemu cha parokia, atayafungua yote juu ya meza moja na kulinganisha jina kwa jina, kwa kuwa eti kuna vijiji ambako waliokufa wanakula kuliko wazima. Watu wakacheka. Kaya itakayokutwa na jina la uongo itafutwa yote mpaka mavuno, na balozi wake atavuliwa ubalozi.

Juzi Oswaldi alikuja, hakukaa hata kwenye kigoda, akasema, "Shemeji, tutasema mtoto yuko kwa shangazi yake kule Kasense. Naandika amehamia Kasense, yanakwisha." Baba Flavian akasema sawa. Mimi nikatoka nje. Si kwamba ni mtakatifu, uongo mmoja nimekwisha kuusema. Lakini nikifikiria nisimame mbele ya watu niseme kwa mdomo wangu mwanangu yuko Kasense, najijua mama, nitaanza kumngojea. Kila basi likisimama barabarani nitaangalia nani anashuka.

Nikisema kweli watoto wangu watatu watalala njaa, shemeji ataaibika na ndiye aliyenizikia, na bibi Marsiana sijui watampeleka wapi. Nikinyamaza madaftari yatasema yenyewe. Nifanyeje? Baba Flavian hajui kuwa nakuandikia, anadhani nafanya zoezi la mwalimu.

Ni mimi, mama wa wanne au wa watatu, hata hapa sijui niandikeje.

*

Bi Mwasiti anajibu:

Marahaba, mwanangu. Majina yote nimeyabadilisha na kijiji sikukitaja, kwa hiyo gazeti likifika darasani usitetemeke, soma kwa sauti kama kawaida yako.

Barua yako niliifungulia dukani kwangu hapa Chanji, na mteja aliyekuja kununua doti ya kanga alisimama hadi akachoka akaenda zake. Pole. Pole sana, mama. Hiyo pole uipokee kwanza, maana nitakugombeza sasa hivi na sitaki uchanganye.

Siku ya kadi sikulaumu. Karani anayehesabu makaratasi na kuacha watu, kosa likitokea nusu nzima ni ya kwake. Lakini Jumamosi ya pili je? Na ya tatu? Na hizi zote za mwaka mpya? Hapo mdomo ulikuwa wako na wakati ulikuwa wako. Unga huo haukuletwa bila kipimo, kopo linalopimwa kwa jina la asiyekuwepo limepungua kwa mtu mwingine ambaye mtoto wake analia kweli. Ulilijua hilo, ndiyo maana ukaufunga kwenye kanga.

Na huyo shemeji yako, loo! Mwanamume aliyembeba mtoto kwa mikono yake leo anamwandikia safari. Najua anakupenda, na najua anaupenda na ubalozi wake. Mwambie Kasense nako kuna balozi, na balozi wa Kasense naye ana daftari. Karani akiuliza kule na kuambiwa mtoto huyo hatumjui, mtakuwa mmedanganya mara mbili, na hiyo ya pili hakuna atakayewaonea huruma. Wewe ulikataa kwa sababu yako mwenyewe, sababu ya mama, nami nakuambia ulikataa vizuri. Usiseme neno hilo la Kasense hata siku moja. Mwili wako umeshakuonya.

Lakini uliponikasirisha hasa ni kwa bibi Marsiana. Mtu mzima, amelima nchi hii wewe hujazaliwa, unamficha nyuma ya kuni kama kuku wa wizi! Ulimpokea, Mungu akulipe, wengine wangefunga mlango. Ila kumlisha kwa siri siyo kumtunza. Akiugua utampeleka zahanati kwa jina la nani? Akifa utamwambia nani achimbe?

Sasa nisikilize. Nimemwendea bwana mmoja hapa mjini ambaye kazi yake ni madaftari hayahaya, nikamweleza bila kutaja mtu. Amesema hivi: atakayekutwa mezani ni mwongo, atakayekuja kabla ya meza kufunguliwa amekuja kusahihisha. Mpaka siku moja kabla ya uhakiki mwenyekiti anaruhusiwa kufuta na kuandika. Na mtu aliyehamia baada ya kuhesabiwa anaandikwa, balozi akimtambua na majirani wawili wakishuhudia. Nikamwuliza, hata kama mwanzoni alikataa kuhama? Akacheka, akasema, "Bibi, si ameshahama? Tumfunge kwa kuja?" Kwa hiyo hofu hiyo ya bibi Marsiana kaitoe leo, usingoje kesho.

Anza na mumeo. Mwonyeshe ukurasa huu, asome mwenyewe kwamba halikuwa zoezi la mwalimu. Kisha muiteni Oswaldi, mumwambie mnakwenda kwa mwenyekiti na mngependa mwende naye. Akitangulia mbele yenu, ni balozi aliyegundua kosa la karani katika nyumba zake kumi na kulileta. Akibaki nyuma, mezani atakuwa balozi aliyetia saini bila kusoma. Achague, lakini msimngoje zaidi ya siku mbili.

Kabla ya kwenda, mwambie bibi Marsiana alikuwa akila unga wa nani. Mwambie wewe, mkiwa wawili tu, asije akalisikia kwa watu. Usiogope kwamba chakula hicho kitamkaba. Huyo amezika mume na wana wawili, atakuwa na la kukuambia ambalo mimi huku nyuma ya kaunta sina.

Kwa mwenyekiti nendeni wanne, pamoja na majirani wawili wa kushuhudia, na bibi aende kwa miguu yake, mchana, watu wamwone. Sema wewe, usimwachie mumeo. Sema mtoto alifariki lini, sema karani aliandika kutoka kwenye kadi, sema na wewe ulinyamaza. Kadi mwonyeshe ila usimwachie, anachohitaji ni tarehe, kadi ni ya kwako. Halafu sema, huyu hapa ni mtu mzima mmoja, mgeni wa nyumba yangu, naomba aandikwe. Mwenyekiti anaweza kufoka, mwacheni afoke. Anaweza kuwapunguzia Jumamosi moja mbili kwa yale mliyokwisha kula, mkubali wala msinung'unike. Ukishikwa na kilio, lia, kisha umalizie ulichokwenda kusema.

Na pale chini ya barua yako ulipokwama kuandika: kwa mwenyekiti ni watatu, kwa sababu anapima unga. Kwangu mimi ni wanne.

Limebaki moja. Nimeisoma barua yako mara tatu. Umenieleza daftari la unga, daftari la zahanati, kitabu cha parokia, makopo, saini, tarehe. Najua alizikwa siku gani. Lakini Agnesi alikuwa mtoto wa namna gani, hukuandika hata neno. Alikuwa ameanza kutembea? Alicheka na nani zaidi hapo nyumbani? Usiku alishika nini akilala? Kalamu unayo na mwandiko wako unasomeka vizuri. Niandikie hayo, kurasa kadiri utakavyo. Hayatachapwa gazetini, nataka tu kumjua.