Muundi wa Namba Nne

Jumatano, 8 Machi 2006

Unyevu huu utaniua. Kuta zinatoa jasho, soksi hazikauki, hata karatasi hii inanyonya wino.

Leo nimepima farasi wanne wachanga wa laoban, bosi wetu Mchina. Meideni ni Jumapili ya tarehe 19 – mbio za wale ambao hawajashinda hata mara moja – na bosi amealika matajiri wenzake wa viwanda. Kamari hairuhusiwi. Ni kuonyeshana ukubwa tu.

Namba Moja ana kifua kizuri ila kichwa maji. Mbili akikimbizwa kidogo anasusa chakula. Tatu, kwato za punda, basi. Lakini Nne! Jike jekundu, anatembea amejiachia, kwato za nyuma zinapita nyayo za mbele, anaramba ndoo mpaka inalia. Hata kule Ngong, nilikojifunza kazi hii, wa namna hiyo ni wachache.

Shedrack ndiye atampanda. Kijana wa kwetu, anajua farasi, na bado miaka mitatu mji huu umembebesha mabunda ya nguo kwenye soko la Shahe. Kazi hapa nilimwombea mimi. Mbio rasmi hajawahi kupanda. Nikamtania, wewe ndiye meideni wa tano. Akacheka mpaka akakohoa.

Jumamosi, 11 Machi

Moto! Nimepitisha mgongo wa mkono kwenye miguu ya Nne kabla hajala, kama kawaida yangu. Muundi wa mbele, kushoto – moto. Hachechemei bado. Lakini mfupa wa mtoto ukianza hivyo, ukimkimbiza kwa nguvu zote unaweza kupasuka. Na akienda chini, aliye mgongoni anakwenda naye.

Nimemwambia Shedrack kwanza. Ati ni hali ya hewa! Hali ya hewa gani inachagua mguu mmoja? Akaacha ubishi, akaanza kuomba. Laoban akimtoa Nne, yeye hana farasi, na asiye na farasi hapa hana kazi. Ngoja Jumatatu, Kamande, nakusihi.

Nimengoja. Moyo haupendi.

Jumatatu, 13 Machi

Baridi. Muundi baridi kabisa! Nimepapasa na kupapasa. Manyoya yamelowa kidogo, lakini Machi hii ni kitu gani hakijalowa?

Laoban akauliza. Nikasema mei wenti, hakuna shida. Shedrack alikuwa nyuma yangu, nikamsikia akishusha pumzi.

Alhamisi, 16 Machi

Baridi tena. Ila nikimgusa pale anavuta mguu. Shedrack anasema ni michezo ya kike.

Labda mkono wangu umezeeka. Nimekula wali peke yangu mtaani Dengfeng, nikaacha nusu.

Jumapili, 19 Machi

Naandika kwenye stoo ya matandiko.

Kila siku mimi hufika Shedrack akiwa ameshafagia. Leo dereva wa laoban alinipitia ninakoishi, Sanyuanli, mapema. Nikaingia bandani. Shedrack amepiga magoti kwenye majani, ameshika mfuko wa barafu – ile ya wauza samaki – ameufunga kwa bendeji kwenye muundi wa Nne. Ule ule wa kushoto. Siku zote hizi! Anagandisha mguu, mimi nakuja na mkono wangu wa kujisifu, napapasa barafu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mtu niliyemtoa kwenye mabunda!

Hakujitetea hata. Akasema, ni mimi nitakayekuwa juu, si wewe. Shingo ni yangu. Nikamuuliza, na mguu huo ni wa nani? Akaanza kufungua bendeji. Kisha polepole: sirudi Shahe, Kamande. Bora nivunjike hapa watu wakinitazama.

Ningempiga kofi. Nilitaka kulia pia, potelea mbali, hakuna anayesoma.

Nimeenda tena kumgusa Nne sasa hivi, ameshatandikwa. Barafu imeisha nguvu. Moto umerudi, mbaya kuliko ule wa kwanza. Ametega sikio kwangu, kanitazama tu.

Laoban yuko nje na wageni wake. Ameninyooshea dole gumba kwa mbali, anauliza. Nikajifanya natafuta hatamu, nikakimbilia humu. Mwanaume mzima!

Nikisema, leo leo Shedrack anafukuzwa, na mimi niliyesema mei wenti nitamfuata. Nisiposema –

Kengele. Wanawatoa.

Desturi ya kazi yetu, hata huku tumekuja nayo: aliyempima farasi ndiye anayempandisha joki mgongoni. Anashika goti, anamrusha juu. Namwona Shedrack dirishani. Amevaa shati la hariri la laoban, limempwaya mabegani. Amesimama ubavuni mwa Nne, mguu ameshaukunja. Ananiita kwa Kikuyu, sauti ya mtoto anayeita mamake.

Nne ameinua ule mguu wa kushoto, hataki kuukanyagia.

Ananiita tena. Bado mguu ameukunja, anangoja mkono wangu.